Namba ya Baba Chini ya Sahani

Hadi leo nikisikia mchanga ukikwaruza bati, inanijia harufu ya dagaa walioanikwa juu ya mawe ya Kirumba, kando ya ziwa, na aibu inanishika upya. Pale ufukweni ndipo sisi wasichana tulipooshea vyombo, kwa mchanga na majivu, na mwenye sufuria isiyong'aa alichekwa mpaka anafika kwao. Mimi sikuchekwa. Nilikuwa fundi wa kusugua, tena mwenye maringo, ndiyo maana yakanipata yaliyonipata.

Miaka ile ya hamsini, habari za uhuru zikiwa zimeanza kusemwa sokoni, wazee waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia huko Bama, yaani Burma, waliunda chama cha watoto wa askari. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mashauri, sajenti wa zamani aliyekuwa akishona viatu mjini, mtu wa maneno machache. Mtoto akiandikishwa, jina la baba yake liliingia daftarini, na kila mwaka majina ya waliokufa yalisomwa mbele za watu. Mama alilitaka hilo kuliko kitu chochote. Baba alizikwa hukohuko Bama, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na hatukuwa na kaburi la kupalilia. Tulikuwa na sahani yake ya bati ya jeshini tu, ya kulia na kupashia chakula motoni, aliyotuletea mwenzake mmoja. Mama hakunipa kamwe niioshe. Aliiosha mwenyewe, kwa maji na kiganja, na masizi ya chini aliyaacha. Mimi nilidhani ni uzembe.

Sharti la chama lilikuwa moja: uje na kitu chenye namba ya askari. "Iko chini ya sahani," Mama aliniambia, akaenda zake shambani. Basi nikaitazama ile sahani, nikawafikiria watoto watakaokuja na medali, nikaona haiwezekani. Niliipeleka ziwani, nikaisugua mpaka mkono ukafa ganzi, mpaka nikayaona meno yangu. Baba alikuwa ameichora namba yake kwa ncha ya msumari, nayo ilikuwa imelika siku nyingi. Mimi niliimalizia pamoja na masizi, na kwa kuvutiwa na mng'ao wala sikuitafuta.

Kesho yake, Jumamosi, nilifika na Mama, sahani nikiwa nimeifunga kitambaani ili nimshangaze; nilimwamkia Mzee Mashauri, nikamtolea, akaitikia marahaba huku ameshaigeuza sahani. Akaielekeza kwenye mwanga. "Mama Kabula, hapa hakuna kitu," alisema. "Bila namba siandiki. Nikiandika huyu, kesho atakuja kila mtu na sahani yake." Mama aliitazama sahani, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenichapa. Nilijua nimemfuta baba yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na nililia mbele ya wale watoto wote bila kujali.

Mama alichuchumaa. Alisawazisha vumbi kwa kiganja, akafumba macho, akaanza kuchora kwa kidole, alama moja baada ya nyingine. Mama hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, jina lake lenyewe hakujua kuliandika. Nilipochungulia sikuweza kusoma kitu, nikajua tumekwisha. Lakini alizichora juu chini, vichwa chini miguu juu, kama alivyozoea kuigeuza sahani, na Mzee Mashauri alikuwa amekaa upande wa pili, akitutazama. Kwake zilisomeka. Alizisoma polepole, akavua kofia.

"Hii ni ya kikosi chetu. Umeijuaje, mama?"

"Naiosha kila siku, mzee. Kidole kinapita palepale."

Akafungua daftari.

Siku hizi daftari ninalitunza mimi, na jina la Baba nalisoma mwenyewe. Wajukuu wa askari wanajiandikisha kwa simu, na wanaotoka Busisi, ng'ambo ya maji, wanavuka darajani bila kusubiri kivuko. Wanatuma picha za medali, tunawapokea, ni rahisi, nami nafurahi kwamba ni rahisi. Mama alishafariki. Mwaka jana mjukuu wangu aliniuliza kwa nini sahani ile naiosha kwa kiganja wakati chini hamna kitu. Nilikishika kidole chake, nikakipitisha palepale, juu chini, tarakimu moja moja.