Mbawakawa wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuza miche ya kabichi na nyanya nyuma ya nyumba yake, na mtaa mzima ulipanda kutoka kwake. Kwa miaka thelathini hakuna aliyerudi mikono mitupu. Walimwita Mama Miche, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mimi nauza dawa za wadudu. Nalisema hili mapema ili mjue mdomo wangu ulipata wapi jeuri.

Nilikwenda kumsalimia, nikainua ubao mmojawapo kati ya zile alizolaza kando ya matuta. Chini yake mbawakawa weusi wakatawanyika mbio kwa miguu, hakuna hata mmoja aliyeruka. Nikamshika mmoja. Akanirushia majimaji makali yenye harufu ya siki, kidole kikawaka moto. Majirani wawili waliokuwepo wakacheka. Nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikamkasirikia mdudu.

"Mama, hawa watakumalizia miche," nikasema kwa sauti ya dukani. "Tazama taya hizo! Ni za kukatia mashina."

Mama akatazama chini. "Kama unaona hivyo, baba."

Nikapiga dawa, nikaondoa mbao zote, nikazoa maiti kopo zima. Nilijiona daktari.

Wiki ya tatu mke wangu akaniambia, "Nenda kwa mama. Miche inaanguka."

Nilikuta matuta kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mlevi. Mashina yalikuwa yamekatwa usawa wa udongo. Nikafukua kwa kidole kando ya shina moja: sota, kiwavi mnene wa kijivu, amejikunja. Shina la pili, sota. La tatu, wawili. Mchana hujificha ardhini, usiku hutoka kula, na dawa yangu ilikuwa imekauka juu juu.

Nikiwa bado nimechuchumaa, mbawakawa mmoja aliyenusurika alichomoka chini ya tofali. Akamvaa sota mkubwa kuliko yeye, akamng'ata na kumburuta. Jani hakuligusa. Basi hao ndio niliowaua, wawindaji ambao hata watoto wao, wakiwa bado funza udongoni, huwinda. Wanasema mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mama wa watu. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

"Mama," nikasema, "hawa mbawakawa..."

"Walikuwa walinzi wangu, baba. Zile mbao niliwawekea wao."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Mbele ya majirani? Uso wako ungeuweka wapi? Wewe ni mkwe wangu."

Kabla sijajibu, majirani wakaingia na vikapu, maana ilikuwa siku ya kuchukua miche. Wakaduwaa. Mmoja akauliza, "Mama Miche, kulikoni?"

Ilikuwa zamu yangu kusema. Mama akanitangulia.

"Uzee, wanangu. Mwaka huu sikuangalia vizuri."

Wakampa pole. Walipokuwa wakitoka, nilimsikia mmoja akisema mama wa watu amechoka, sasa wataanza kuchukua miche kwingine. Mwenzake akageuka, akaniuliza, "Au si kweli, shemeji? Si bora apumzike?"

Mama alikuwa ananitazama. Nikaitikia kwa kichwa.