Elda na Mlango Mkubwa wa Majini

Elda Ballarin aliuza samaki katika soko la Rialto tangu usichana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Nusu ya hoteli kubwa za Venisi zilipika samaki waliopitia mikononi mwake, naye alizijua zote, ila kwa upande wa nyuma: kimlango cha jikoni, ngazi zenye utelezi, mpishi anayelalamika kwamba ngisi wa leo ni wadogo. Kumbi zao za mbele hakuwahi kuzikanyaga.

Alipotimiza miaka sabini, wanawe waliohamia upande wa bara walimwambia achague zawadi. Walidhani ataomba safari ya milimani. Elda akasema anataka kulala usiku mmoja katika hoteli ya fahari, papo hapo Venisi.

Wifi yake Wanda, aliyekaa ghorofa ya chini, alicheka mpaka ikabidi aweke kikombe mezani. "Wifi, mtu akalale hotelini katika mji wake mwenyewe? Watu watasema kaka yangu amekufukuza."

"Waache waseme. Dunia nzima inavuka bahari kuja kulala humu. Mimi niliyezaliwa humu nina kosa gani?"

"Ukalale na matajiri, wewe uliyenuka ngisi miaka yote?"

"Hao ngisi waliliwa na nani? Harufu hiyo ni yetu sote, wifi."

Mumewe Uliano, mtu wa maneno machache, aliendelea kumenya chungwa lake. Alimjua mkewe: akisema, amesema.

Wakaanza kuchagua. Elda hakujali sana vitanda wala mapazia. Sharti lake lilikuwa moja. Majumba ya hoteli zile yalijengwa yakiupa mfereji wa maji, barabara ya mji ule, uso, na uchochoro kisogo. Basi naye aingie kwa usoni, kwa mlango mkubwa wa majini, na afike kwa mashua yake mwenyewe akipiga kasia kwa kusimama, kama alivyofanya enzi zile aliposhindana katika mbio za mashua za wanawake.

Hoteli ya kwanza ilikuwa na marumaru kila mahali na kijana mpole mapokezini. "Mashua za watu binafsi hazifungwi hapa, mama. Tutawatumia boti yetu ya injini."

"Asante, mwanangu. Injini nazisikia kutwa nzima nikiwa nyumbani."

Ya pili ilimetameta dhahabu mpaka kwenye mabomba ya bafuni. Uliano alikitazama kitanda kilivyoinuka. "Hapa mtu akiota anaanguka, tena anavunja kiuno," akasema. Lakini mlango wa majini wa hoteli ile ulikuwa umezibwa kwa kioo ili wageni wale chakula wakitazama maji. Elda alikigusa kile kioo, akageuka akatoka.

Wakarudi nyumbani. Usiku ule hata Wanda hakumtania; alimletea sahani ya dagaa wa siki na vitunguu, akaketi naye.

Ya tatu ilikuwa jumba la kale upande wa Cannaregio, si maarufu kama zile mbili. Msimamizi wake, Bi Fiorenza, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawapeleka ukumbini na kufungua mlango wenye mbao nene. Mwanga wa mfereji ukaingia na kucheza darini.

"Ngazi hizi zilijengewa makasia," akasema. "Tangu nianze kazi hapa sijaona mgeni aliyefika hivyo. Njoo, mama. Nitakungoja mwenyewe."

"Basi ni hapa," Elda akasema.

Jumamosi ikafika. Elda alisimama mbele ya mashua, Uliano nyuma, na katikati, juu ya sanduku la nguo, aliketi Wanda, aliyeng'ang'ania kuja ashuhudie kwa macho yake. Walipoingia Mfereji Mkuu, mawimbi ya teksi za maji yaliwarusha huku na huku. Magoti yalimuuma Elda, lakini mikono ilikumbuka. Akakata maji, akavuta, akakata tena, na mashua ikashika mwendo.

Mwendesha gondola mmoja, zile mashua nyembamba nyeusi za kubebea watalii, akamwita, "Bibi, hilo kasia umeliazima wapi?"

Kabla Elda hajafungua kinywa, Wanda alisimama juu ya mashua inayoyumba. "Hilo kasia lilishinda mbio mama yako hajaolewa. Sogeza hilo jeneza lako, wifi yangu apite."

Yule mwendesha gondola alicheka, akaisogeza gondola yake kando, kisha akainua kasia lake juu kwa heshima. Na wa nyuma yake naye akainua. Wakapita katikati, na watu darajani wakaanza kupiga makofi bila kujua wanampigia nani. Elda alijua. Hakugeuza shingo, lakini kila mvuto wa kasia lake ukawa mrefu kuliko uliotangulia.

Kwenye ngazi Bi Fiorenza alimnyooshea mkono. "Karibu, Bi Elda." Elda akaingia kwa mlango mkubwa, viatu vimelowa, kichwa juu, na Wanda nyuma yake akibeba sanduku, akikataa kumwachia mhudumu.

Jioni walikula wote watatu dirishani. Asubuhi Elda aliamshwa na kengele za kanisa, akabaki kitandani kwa raha zake. Mhudumu alipobisha na kuuliza angependa nini, akafikiri kidogo.

"Chochote kile," akasema, "mradi kimepikwa na mtu mwingine."