Ndevu za Clarrie

Clarrie Haddow alikuwa fundi wa malori makubwa ya mgodi kule nyika kavu ya Pilbara, na ndevu zake zilimfika kifuani. Wenzake hawakuchoka kumtania. "We Clarrie, humo unafuga njiwa?" Naye hucheka tu. Mkewe, Noreen, alikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko mjini Geraldton, kumbukumbu zikimtoka kidogo kidogo. Majina yote yalishakwenda. Kilichobaki ni ndevu. Kila Clarrie aliporudi kutoka zamu, Noreen alizishika, akazivuta, akasema, "Huyu wangu."

Kisha ikaja injini ya gesi ya amonia. Wakubwa walisema moshi wa dizeli unaiharibu dunia. Injini hii ingetumia dizeli kidogo ya kuwashia tu, kazi iliyobaki ifanywe na amonia. Lakini amonia ikivuja ni sumu, inachoma macho na mapafu, na barakoa ya gesi haishiki vizuri kwenye ndevu.

"Nyoa, au rudi nyumbani," Trish, msimamizi wao, alimwambia. "Sikufukuzi mimi, kaka. Sheria ndiyo hiyo."

"Na mke wangu je? Ananijua kwa hizi."

"Si zitaota tena, jamani?"

Clarrie alikuwa na miaka sitini na ushee. Nani angemwajiri? Na nani angelipia kitanda cha Noreen? Akanyoa. Kidevu kilitokeza cheupe, kimenywea.

Alipofika Geraldton akanyoosha mikono. Noreen alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mtoeni huyu! Mume wangu akija atakuua!"

Clarrie akatoka, akakaa ndani ya gari lake, akalia.

Haukupita mwaka, majaribio yakasimamishwa. Amonia ni ghali mno, wakasema wale wale wakubwa, na injini ikafunikwa turubai. Malori yakaendelea kunywa dizeli kama zamani. Hakuna aliyemwomba radhi. Pole yenyewe isingewagharimu kitu, lakini wapi!

Clarrie akazifuga upya. Zilipofika kifuani, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti cha Noreen, akauchukua mkono wake na kuuweka ndevuni. Noreen akazipapasa taratibu, akatabasamu. Clarrie akangoja lile neno, "Huyu wangu."

"Ndevu nzuri," Noreen akasema. "Mume wangu naye alikuwa nazo. Ukimwona huko, baba, mwambie nimemngoja sana."