Baraza Iliyochorwa

Mimi nina macho, anayebisha aulize Gisenyi nzima. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa mpiga picha, nachukua picha yangu (nimetoka vizuri, bila shaka), alipoingia msichana wa Busasamana na picha mkononi. Nyuma yake akaja mchumba wake, fundi cherehani wa hapa mjini, akijifuta jasho.

Picha hiyo fundi aliipeleka kwao msichana alipoposa. Amesimama kwenye baraza yenye nguzo nyeupe, bustani ya waridi pembeni, ziwa nyuma.

Msichana akatazama ukutani. Baraza, waridi na ziwa vyote vilikuwa pale, vimechorwa kwenye pazia kubwa. Akainua pindo la pazia kwa vidole viwili.

“Fundi, hii njo nyumba yako?”

“Mi sikusema ni yangu,” fundi akajibu chini chini. “Nilisimama tu.”

“Bon. Na ziwa pia inakunjwa?”

Nilicheka peke yangu. Fundi alitazama viatu vyake kama mtu aliyekwisha kukosa mke.

Msichana akajipangusa vumbi la safari, akaenda kusimama mbele ya zile nguzo.

“Mama amezungusha picha yako Busasamana yote. Donc kuja hapa karibu yangu. Wasiponiona kwa baraza, watasema umenifukuza.”

Mpiga picha akajifunika haraka kitambaa cheusi cha kamera.

Mnapenda kusema wanaume ndio waongo wa picha. Mimi niliyekuwepo nasema hivi: fundi aliazima tu ile baraza, aliyehamia ni mchumba wake.