Mche wa Sabuni na Ncha ya Sukari Guru

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mjukuu wangu Shamimu: sabuni, magunia, na ubani uliokuwa bado haujatoka nyumbani kwetu Kawempe tangu tumzike baba.

Jana ulirudi kutoka shule huko Kansanga na maumbo yako ya karatasi, ukayatupa kitandani kwangu, ukasema, "Jjajja, piramidi na prizimu zitanisaidia nini mimi?" Kisha ukanitolea lililokuuma. Wenzako wa kundi walichukua hesabu ya prizimu wakaipachika kwenye piramidi. Wewe ukaliona kosa, ukanyamaza, kwa kuwa kiongozi wenu ni mkubwa na ana sauti. Basi kaa hapa. Mimi shule niliiona mlangoni tu, lakini somo hilo nilifundishwa kwa kisu.

Baba alikuwa na duka kwa shirika na kaka yake, Ami Shabani, nusu kwa nusu. Baba alipofariki, Ami akataka vitu vya dukani vigawanywe. Mama yangu, Bi Mwanaisha, alikuwa amekaa eda, hatoki mbele za wanaume, kwa hiyo aliketi nyuma ya pazia akisikiliza. Mashahidi majina yao ninayo hadi leo: Mwalimu Idi wa madrasa; Mzee Okello aliyestaafu polisi; na jirani yetu Bi Nakato, aliyekaa kizingitini kwa sababu hakuna aliyemwalika na hakuna aliyeweza kumfukuza. Mimi niliwekwa kando ya pazia, niwe macho ya mama.

"Zuhura, utakachokiona niambie," alininong'oneza.

Ami akaanza na sabuni, ile miche mirefu. Akaupima mche kwa uzi, akaukunja uzi mara mbili, akakata katikati. Kipande huku, kipande kule.

"Ni sawa?" mama akauliza.

"Ni sawa, mama."

Na kweli ilikuwa sawa. Mche wa sabuni, mwanangu, ndiyo hiyo prizimu yenu. Uso wa mwanzo na uso wa mwisho ni mmoja, na ukiukatisha popote pale unakutana na uso ule ule. Nusu ya urefu wake ni nusu yake.

Akaja kwenye sukari guru. Fundi aliyekuwa akituletea aliigandisha kwenye kalibu za vibao, kila bonge likatoka na kitako kipana cha pembe nne, pande zake zikipanda na kuegemeana mpaka zinakutana kwenye ncha moja. Piramidi, basi, ingawa wakati ule sikuwa na jina lake. Hiyo sukari ndiyo ilikuwa roho yetu. Mama alikusudia akimaliza eda apike kashata za njugu awauzie wanafunzi wa Wandegeya. Hakuwa na kazi nyingine, na mume ndiye huyo tumemzika.

Ami akachukua uzi ule ule. Akapima bonge la kwanza toka kitako hadi ncha, akaukunja mara mbili, akakata kwa kulaza kisu. Ncha akaisukuma upande wetu, kitako akakivuta kwake.

"Nusu kwa nusu," akasema.

Ile ncha ilienea kiganjani mwangu. Kitako yeye alikibeba kwa mikono miwili, na alipokiweka chini alihema.

"Ni sawa?" mama akauliza.

Nikawatazama wazee. Si kwamba hawakuona, macho walikuwa nayo. Mzee Okello alikuwa anakagua vidole vya miguu yake. Mwalimu Idi akavuta tasbihi, akasema kwa upole, "Tufunike kombe mwanaharamu apite. Msiba bado mbichi."

"Si sawa, mama," nikasema.

Ami akageuka. "Nani kamuuliza mtoto? Uzi ni ule ule, kisu ni kile kile. Mbona kwenye sabuni hukulalamika?"

"Sabuni haina ncha, Ami."

"Nusu ni nusu!"

Nikaiokota ile ncha, nikaenda nikamwekea mapajani.

"Kama nusu ni nusu, Ami, chukua wewe ya juu. Sisi tutachukua ya chini."

Bi Nakato akadakia kule mlangoni: "Banange, jamani! Bwana ssebo, si uchukue? Nusu ni nusu!" Akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, na mabega ya Mzee Okello nayo yakaanza kutikisika.

Ami hakuichukua. Hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba yeye mwenyewe alijua.

"Haya, wewe unataka ikatwe vipi?" Mwalimu Idi akaniuliza.

Nikachukua bonge jingine la sukari, nikasimamisha kisu juu ya ncha yake, nikashuka nacho katikati mpaka kwenye kitako. "Hivi. Kila mtu apate ncha yake na kitako chake."

Mabonge yote yaliyobaki yakakatwa hivyo, na lile la kwanza Ami akalirudisha, tukaligawa upya. Mama alipika kashata zake. Ami alinipa jina la Ulimi Mrefu, akaapa kwamba sitaolewa. Niliolewa. Yeye hakuja, na pilau ililiwa ikaisha.

Sasa sikiliza. Umeniambia mwalimu wenu alijaza mchanga kwenye piramidi akaumimina kwenye prizimu yenye kitako kile kile na kimo kile kile, na haikujaa mpaka mara ya tatu. Lishike hilo. Atakayekudhulumu huenda asije na kipimo cha uongo. Atakuja na uzi wa haki kabisa, akaulaza kwenye umbo lisilo lake, kisha akuambie wote mmepimwa sawa. Utazame umbo kabla hujaukubali uzi. Wanasema mwenye nguvu mpishe. Mpishe njiani, mwanangu, lakini kwenye haki yako usimpishe, hata awe ami, hata awe kiongozi wa kundi, hata wazee wote wakague vidole vyao. Adabu ninaijua na nimekulea nayo, ila sikukulea uwe pazia.

Kesho nenda, unyooshe mkono, useme ulichokiona. Mwenyezi Mungu akupe jicho lisilodanganyika na ulimi usiokukaukia mdomoni, na akuweke uje uwasimulie wako. Na siku yoyote mtu akikukatia akakuambia nusu ni nusu, usigombane naye.

Mpe ya juu.