Nilichagua Jumamosi

Kila asubuhi nikikaa mlangoni hapa Ruiri kuchambua maharagwe, hupita muuza makaa mmoja, Mwirigi, na baiskeli yake. Mlima akiupanda, huisukuma huku akihema kama ng'ombe. Akifika juu hupanda, akaiachilia ishuke yenyewe bila kukanyaga pedeli, na gurudumu la nyuma huanza kulia: tik-tik-tik-tik, hadi anapotelea kwenye kona. Hapo mikono yangu husimama ndani ya ungo. Harufu ya vumbi na cheni yenye mafuta hunijia, hata kama Mwirigi amepita mbali.

Mimi sikusoma, ndugu zangu. Darasa la tatu ndilo nililofika. Lakini majina siyasahau. Watu wakitaka kujua nani alizaliwa na nani, huja kwangu. Naweza kukutajia hata mbuzi wa baba yangu: Kamweru, Kairu, na yule mwizi wa mahindi tuliyemwita Chifu. Shikeni neno hilo, kwamba sisahau, maana nitalirudia.

Nilizaliwa Mbeere, kule chini kwenye joto, nusu siku kwa miguu kutoka Gachoka. Baba yangu, Nthiga, alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ilining'inia kwenye miti yote ya kando ya mto, na ni mizinga hiyo iliyomzalia baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria pana ya chuma. Uhuru ulikuwa umekuja, na baada ya uhuru likaja bwawa. Mto ulifungwa huko chini ili stima ipatikane. Stima ilipatikana, ikapita juu ya vichwa vyetu kwenye nyaya, ikaenda zake Nairobi. Sisi tulipanda mlimani na mbuzi wetu, tukaanza kujenga upya.

Kule chini, kwenye boma la zamani, tulimwacha mmoja. Alikuwa kaka yangu Nyaga, aliyechukuliwa na surua akiwa na miaka miwili. Kaburi lake lilikuwa mawe matatu chini ya mgunga. Tuliambiwa maji hayatafika pale. Kisha mzee wa kijiji, Njoka, akaja kutuambia kwamba yatafika.

Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu Wanjira, miguu imevimba, na alikuwa anaondoka kwenda kujifungulia kwa mama yake. Alisimama mlangoni na kiondo mgongoni.

"Baba Nyaga," alisema, "nikirudi nimkute mtoto wangu huku juu."

"Utamkuta, Mama Nyaga."

Hayo tu. Hawakuwa watu wa maneno mengi.

Lakini nyumbani kwetu kaburi halifunguliwi na mdogo wakati mkubwa yuko hai. Mkubwa ndiye hupiga jembe la kwanza, akaongea na aliyelala, ndipo wengine wachimbe. Mkubwa wa Baba alikuwa Ireri, aliyekaa Gachoka. Na mkubwa haitwi kwa mikono mitupu. Anayemwita humpelekea asali. Mzee akiionja, neno limefika. Ukienda bila asali, hata ukilia, ni kama umepiga kelele tu njiani. Nilikuwa nimeyasikia hayo tangu nikinyonya, wala sikujua kwamba kuna sheria zinazoweza kupinda.

Wiki hiyo Baba alikuwa amejikata mguu na panga, ukafura kama kibuyu. Hakuweza kukanyaga pedeli. Siku ya Jumatatu akaniita.

"Marigu, wewe si unaendesha hii baiskeli nikiwa sipo?"

Niliangalia chini. Nilidhani hajui. Nilikuwa nimejifunza kwa wizi, nikipitisha mguu katikati ya vyuma kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno, mwili wote umepinda upande mmoja kama kaa. Wasichana hawakuendesha baiskeli siku hizo.

"Mpelekee baba yako mkubwa asali hii. Mwambie Nthiga anasema: njoo kesho, tumhamishe mtoto."

Alifunga kibuyu kwenye keria kwa kamba ya mkonge, akafunga mara mbili. Nilipopita kwa Ciambogo, jirani yetu, alipaza sauti kutoka shambani kwake: "Marigu we! Utaolewa na hiyo baiskeli? Mwambie ilete mbuzi za mahari!" Nami nikacheka, nikapiga kengele mpaka kidole kikauma.

Njia ya zamani ilikuwa imeshamezwa, hivyo watu walikuwa wamekata nyingine juu ya ukingo wa maji. Nikiwaambia ilikuwa nzuri mtanisamehe, maana ilikuwa nzuri. Mkono mmoja mlima wa mawe mekundu, mkono mwingine maji ya buluu yaliyolala kimya, na miti iliyokufa imesimama ndani yake, mingine bado na mizinga. Ndege weusi walikaa juu ya mizinga wakianika mabawa. Hapakuwa na mtu. Nilishuka mteremko wa kwanza nikiliacha gurudumu lijiimbie, upepo umeingia ndani ya gauni langu, nikajiona mtu mkubwa kabisa.

Mteremko wa pili ulikuwa na mawe kama meno. Gurudumu la mbele liligeuka. Nilianguka upande wa mlima, na hiyo ndiyo bahati pekee ya siku ile. Nilisikia kibuyu kikisema *pwa*, sauti ndogo tu, kama yai. Nilipoinuka asali ilikuwa inatembea juu ya mawe, na sisimizi walikuwa wameshapata habari.

Nilijaribu kuichota kwa viganja. Nilipata mchanga na damu ya magoti yangu. Nikakaa hapo mpaka jua likageuka. Gachoka haikuwa mbali tena. Lakini ningesimama vipi mbele ya baba mkubwa Ireri, mtu mwenye nyusi kama nyasi, na mikono mitupu? Ningekuwa nimemtukana, na neno lisingefika. Nilisukuma mabaki ya kibuyu kando ya njia kwa mguu, nikarudi.

Baba alikuwa ameketi nje, mguu juu ya kigoda.

"Umemkuta?"

"Ndiyo, Baba."

"Ameonja?"

"Ameonja."

"Anakuja kesho?"

Hapo ndipo nilipomaliza kazi. "Amesema Jumamosi," nikajibu. Nilichagua Jumamosi kwa sababu ilikuwa mbali. Nilidhani kabla ya Jumamosi nitapata asali nyingine mahali fulani, au Mungu ataniona.

Jumatano Njoka alipita mbio. "Nthiga, chimba wewe mwenyewe! Huko juu Embu na Meru mvua imeshika, mto unakuja mzito."

Baba alitazama mbingu. Kwetu hapakuwa na wingu hata moja. "Ireri anakuja Jumamosi," alisema. "Tutangoja mkubwa."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji, hatua tatu kutoka alipoketi. Nilisikia kila neno.

Maji yalipanda usiku wa kuamkia Alhamisi, na asubuhi jua lilikuwa likiwaka vizuri kabisa. Baba alichechemea hadi chini akiegemea jembe. Nilimfuata. Mgunga ulikuwa umebaki nusu. Aliingia majini mpaka kiunoni, akapapasa kwa jembe, akatafuta mawe matatu. Alirudi nchi kavu bila kuyapata.

Mama alirudi Jumapili na Wanjira mgongoni. Aliyaona maji tangu kule juu kwenye kona. Baba mkubwa Ireri naye alifika siku hiyo hiyo, maana habari ilikuwa imemkuta sokoni. Akasimama katikati ya boma, nyusi zimekutana.

"Nthiga, mtoto wa nyumba yetu amezama na mimi niko hapo Gachoka nakunywa uji! Mbona hukuniita?"

Mama aligeuka kumtazama Baba. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, nimeshika nguzo yake kwa mikono miwili. Sasa Baba alikuwa amejua. Nilingoja jina langu litoke kinywani mwake.

Baba akasema, "Sikukuita, kaka. Nilidhani maji yatangoja."

Tangu siku hiyo Mama hakumwambia Baba neno tena. Hakugomba, hakuondoka. Alimpikia, alimfulia. Ila maneno yalipitia kwangu. "Marigu, mwambie baba yako chakula kiko tayari." "Marigu, mwambie baba yako mbuzi amezaa." Na wote wawili wakiwa wameketi kwenye moto mmoja! Mimi niliyeshindwa kufikisha neno moja, nikawa mjumbe wa maneno yote ya nyumba ile. Na majirani waliendelea kumwita Mama Nyaga, na kila walipoita, Baba aliinamisha kichwa.

Mguu wake ulipopona, alianza kunichukua kila Jumapili baada ya kanisa. Nilikaa kwenye keria, tukapita ukingoni mwa maji polepole, bila kusema. Sauti ilikuwa ya gurudumu tu. Siku zote alisimama mahali pale pale, kwenye mteremko wa mawe kama meno, akaegemeza baiskeli, akaketi. Nilidhani anapumzika.

"Hapa pana mawe mabaya," alisema siku moja, akitazama maji. "Hata mtu mzima angeanguka hapa."

"Ndiyo, Baba," nikasema.

Alingoja. Ndege mmoja aliruka kutoka kwenye mzinga, akarudi. Kisha Baba akainuka, akapangusa suruali, akanipandisha kwenye keria.

Tulifanya hivyo miaka miwili, mpaka nikawa mzito kwa baiskeli. Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu mwenyewe, na mmoja wao amenidanganya, ndipo nikaelewa kwamba Baba hakuwa akipumzika. Alikuwa akinifungulia mlango kila Jumapili, na kila Jumapili nilikaa nje. Kufikia hapo alikuwa ameshazikwa, juu mlimani, mkewe hajamwambia hata kwaheri.

Mama aliishia hapa kwangu Ruiri. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini masikio yalikuwa mazima. Jioni moja baiskeli ilishuka barabarani, tik-tik-tik, naye akainua kichwa.

"Marigu," akasema, "wewe ulikuwepo. Ni kweli baba yako hakumtuma mtu yeyote?"

Nilikuwa nakoroga uji. Nilikoroga mpaka ukaanza kushika chini.

"Sikumbuki, Mama," nikamwambia.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja kufunguliwa, akakata tamaa, akaenda zake. Hakuuliza tena, na mwaka huo haukuisha naye.