Mikono Iliyoolewa Kabla Yangu

Kama ulikuwa na televisheni ile miaka ya tisini, mikono yangu unaijua. Ilisukuma chapati kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, karibu kila jioni kwa muda wa mwaka hivi, ikisifu mafuta fulani ya kupikia. Huenda uliitazama ukamwambia mkeo, "Ona vile wenzako wanapika." Kama ulisema hivyo, mwombe msamaha leo, maana chapati zile hakuna binadamu aliyezimeza. Uso wangu huujui, na hapo ndipo taabu yangu yote ilipoanzia.

Tuliishi Landless, Thika, mama na mimi, chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi na viwili. Mama alitoka magharibi akimfuata baba, aliyekuwa amepata kazi kiwandani. Baba alipofariki, jamaa walimngoja arudi nyumbani na masanduku yake, wakangoja sana. Yeye alisimamisha kibanda cha mabati mbele ya lango la kiwanda kilekile, akaanza kuuza chapati na maharagwe. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walimwogopa kuliko walivyomwogopa meneja. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yangu pale kibandani ilikuwa kuchagua maharagwe, kuchochea jiko, kuosha sahani na kunyamaza. Tawa, kile kikaango bapa cha chapati, niliruhusiwa kuisugua tu. Kuipikia ilikuwa haramu.

Kisa chenyewe ni tabia yangu moja. Wateja wakizidi nilimsukumia mama chapati, yeye akizipika, na nikimaliza moja, kabla sijaiinua kwenye kibao, nilikuwa nagonga mti wa kusukumia kwenye ukingo wa meza mara mbili, ko-ko, ili unga udondoke. Sijui niliianza lini. Mama hakuivumilia hata siku moja.

"Wacha kugonga meza!" alikuwa akinikemea. "Unagonga kama askari wa kanjo. Wateja watadhani baraza la mji limekuja kutufukuza."

Kwake yeye chapati ilitaka utulivu, na mtu wa makelele hawezi kuachiwa moto. Kunisifu hakunisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alisema, na kwa maoni yake mimi nilikuwa nimeanza kutia maji hata kabla ya sifa kufika.

Nami niliitaka ile tawa. Nikisema hivi leo, watoto wangu hucheka, wanaona ni chuma tu. Lakini pale langoni, aliyeshika tawa ndiye aliyesalimiwa kwanza. Ndiye aliyeulizwa habari za nyumbani, ndiye aliyeambiwa nani amefutwa kazi na nani ameoa. Mwosha sahani aliitwa "wewe." Nilichoka kuwa "wewe."

Jumamosi mchana nilikuwa mtu mwingine, nilikuwa mwigizaji. Kikundi chetu kilikutana katika ukumbi wa kanisa, tukicheza michezo ya kuonya watu juu ya pombe. Kila mara nilikuwa mke wa mlevi, na nisijisifu sana, lakini nililia vizuri. Siku moja akaja bwana mmoja wa kampuni ya matangazo kutoka Nairobi. Alitutazama huku ameshika kidevu kama anayenunua ng'ombe, halafu akachagua watu wanne. Litapigwa tangazo la mafuta ya kupikia huko Ruiru, alisema, nasi tutakuwa majirani wanaokaribishwa chapati. Mimi nitakuwa jirani wa pili kutoka kushoto.

Mdomo huponza kichwa. Wangu uliniponza kabla sijafika mlangoni kwetu. Nilikuta akina mama wa ploti kwenye mfereji, mama yangu akiosha maharagwe, na badala ya kusema nitakuwa jirani wa pili kutoka kushoto, nikasema, "Nitaonekana kwa tiivii nikipika chapati."

Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Wewe? Chapati? Kwa tiivii?" Akapangusa macho kwa kanga. "Sawa. Siku nitakuona kwa tiivii ukipika chapati, hiyo tawa nakuachia. Hawa wote ni mashahidi."

"Tumeskia," akasema mama wa chumba cha mbele, Mkikuyu mmoja mpana, mwenye televisheni ya pekee katika ploti yetu, na kwa hiyo mwenye sauti ya mwisho katika mambo yote. "Na isipokuwa?"

"Isipokuwa, asinitajie tawa tena mpaka nife."

Nikakubali. Ningefanya nini tena, na mfereji mzima unanitazama?

Wiki iliyofuata walitubeba kwa kombi hadi Ruiru, kwenye nyumba kubwa iliyozungukwa na kahawa. Jiko la nyumba ile lilikuwa pana kuliko vyumba vitatu vya ploti yetu. Mwenye kupika katika tangazo alikuwa dada mmoja wa Nairobi, mrembo hasa, mwenye tabasamu ambalo hata mimi lilinifanya nitake kununua mafuta. Kucha zake zilikuwa ndefu, nyekundu. Dairekta akasema aanze kusukuma.

Maskini dada yule. Alikamata ule mti kama mtu anayeshika mpini wa jembe kwa mara ya kwanza. Unga ukaganda kwenye kucha. Chapati ya kwanza ikatoka na umbo la Afrika, ya pili na umbo la Madagaska. Kufikia ya sita, dairekta alikuwa ameketi juu ya sanduku ameshika kichwa, na yule dada alikuwa karibu kulia, ilhali kulia ilikuwa kazi yangu.

"Hakuna mtu hapa anajua kusukuma chapati?" dairekta akauliza.

Majirani watatu wote walinigeukia. Mkono wangu ulikuwa juu tayari.

Wakanivua gauni langu la ujirani, wakanivika lake, ambalo lilikataa kufunga mgongoni, wakalibana kwa pini. Wakanipaka kucha rangi nyekundu. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia nilikuwa na kovu la kuungua, zawadi ya sufuria ya maharagwe nikiwa na miaka tisa. Wakalipaka poda mpaka likatoweka. Mwisho yule dada akavua pete yake ya ndoa ya kuigiza, akanivisha kidoleni huku akinong'ona, "Asante, siz. Umeniokoa." Hivyo ndivyo mikono yangu ilivyoolewa. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka minne zaidi.

"Na uso?" nikamwuliza dairekta, maana kamera ilikuwa imeinamia kibao.

"Uso tunao tayari," akasema.

Alisema kwa upole, lakini nilisikia kama mtu amenimwagia maji. Niliiona tawa ikitembea ikienda zake. Halafu taa zikawashwa, nikaambiwa nirudishe kichwa nyuma kisionekane, nikaanza kusukuma nikiwa nimepinda kama mti wa upepo, taa ikinichoma sikio. Nikasukuma chapati nzuri, ya mviringo. Na kabla ya kuiinua, ko-ko.

"Kata! Nini hiyo?"

"Pole."

Tukarudia. Ko-ko. Tukarudia tena. Niliapa moyoni sitagonga, na mkono ukagonga. Mara ya tano fundi wa sauti alivua vile vitu vya masikioni akanitazama kwa huruma. Dairekta akaenda kuchungulia kwenye kiskrini chake, akarudi polepole. "Unga unavyodondoka, unapendeza," alisema. "Tutaweka muziki juu. Gonga tu, mama."

Hakuna aliyewahi kuniambia nigonge. Niligonga mpaka saa tisa mchana. Chapati zenyewe zilipakwa mafuta kwa brashi ya rangi ili zing'ae, na mvuke uliotoka juu yake ulitoka kwenye birika lililofichwa nyuma ya sahani. Yule dada alizing'ata, akatabasamu kwa kamera, akatema kwenye ndoo. Kila alipotema nilikuwa namwona mama akishika kiuno.

Niliporudi ploti nilizingirwa. "Wamekupiga picha?" Nikasema wamenipiga picha sana. Haukuwa uongo. Mambo ya uso sikuyataja.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kwa wiki tatu. Kila jioni kabla ya saa moja, mama wa chumba cha mbele alifungua mlango, akaamuru watu wavue viatu, tukajipanga sakafuni mbele ya televisheni yake ndogo isiyo na rangi, yenye henga ya koti mahali pa eriali. Mama yangu alipewa kiti, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kesi. Kijana wa chumba cha saba, aliyekuwa makanga wa matatu, alinisalimia kila siku, "Niaje, superstaa? Bado?" Nilimjibu bado. Usiku nililala nikiomba tangazo lisitoke kabisa.

Likatoka Alhamisi. Nilijua kwa ule muziki. Kwanza akaonekana yule dada, akiingia jikoni na tabasamu lake, chumba kizima kikashangilia, kisha wakamkazia macho.

"Huyo si wewe," makanga akasema.

"Ngojeni mikono," nikasema.

"Mikono gani?"

Ikaja mikono. Kwenye ile televisheni kucha nyekundu zilionekana nyeusi, kama za mtu aliyebanwa na mlango. Pete iling'aa. Kovu halikuwepo.

"Hiyo ndiyo yangu," nikasema, na sauti yangu ikawa ndogo kama ya mtu anayedai mbuzi asiye na alama.

Waliangua kicheko nikasikia ukuta wa mbao ukitetemeka. "Atiriri!" akasema mwenye televisheni, akinishika mkono na kuuinua watu wauone. "Hiyo ya tiivii ina pete. Wewe bwana yako ako wapi? Na hii alama ya moto imeenda wapi, safari?"

"Walipaka poda," nikasema.

"Poda!" makanga akagaagaa sakafuni.

Niliona aibu mpaka macho yakauma. Sikuthubutu kumtazama mama. Nilijua anachokifikiria: binti yangu amenidanganya mbele ya ploti nzima, na amedanganya vibaya. Kwenye skrini ile mikono ilikuwa ikimaliza kusukuma. Ikainua ule mti. Ikaugonga ukingoni mwa meza, mara moja, mara mbili, unga ukadondoka. Sauti haikusikika, muziki ulikuwa juu.

"Wacha kugonga meza!" mama akafoka.

Alikuwa ameifokea televisheni, kidole mbele, amenyanyuka nusu kutoka kitini, kama afanyavyo kibandani. Kisha akabaki hivyo hivyo, kidole hewani. Kicheko kikakatika. Watu wakamtazama yeye, wakatazama skrini, ambayo sasa ilikuwa na kopo la mafuta, halafu wakanigeukia mimi.

Mama akaketi taratibu.

"Ni yeye," akasema.

"Una hakika?" akauliza mwenye televisheni, aliyekuwa bado ameushika mkono wangu.

"Nimemkanya hiyo kitu miaka kumi. Sasa ameenda kuifanyia mbele ya Kenya nzima." Akanitazama kwa hasira kabisa. "Na hiyo chapati ilikuwa imekonda upande mmoja."

Nilianza kulia, na safari hii sikuwa naigiza. Makanga akaja kunipa mkono akisema "Heshima, siz." Taarifa ya habari ikaanza na hakuna aliyeisikiliza. Mama alikuwa wa kwanza kutoka, akatafuta viatu vyake mlangoni. Usiku ule tulikula tukiongea habari za makaa, si za tawa.

Asubuhi nilifika kibandani nikachukua karai la maharagwe kama kawaida. Mama akaninyang'anya. Akaketi nalo kwenye benchi la wateja, mahali ambapo sikuwahi kumwona ameketi, akainamisha kichwa akaanza kuchagua. Jiko lilikuwa limewaka. Tawa ilikuwa juu yake, imesuguliwa, na si mimi niliyeisugua.

Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walikuwa wameanza kujaa. Nikasukuma chapati ya kwanza, nikajikaza kwa nguvu zangu zote, nikaiinua bila kugonga, nikaitia kwenye tawa. Ikafura vizuri. Nikasukuma ya pili, kimya kama msikitini. Nilipoanza ya tatu nikasikia maharagwe yameacha kuanguka kwenye karai.

"Wewe mpishi," mama akasema, bila kuinua kichwa. "Kwani leo umepatwa na nini? Gonga, watu wajue ni wewe."

Nikagonga mara mbili.